Shujaa wangu ni dalali hodari wa Gikomba. Aangukeje mbele ya jini bila kuonekana mjinga?

KalamuYaNgara

Wadau, naomba mnisaidie kukwamua sura moja. Naandika riwaya ya njozi inayotokea hapa hapa Nairobi. Mhusika mkuu, Nduta, ni dalali wa mitumba Gikomba, na ni hodari kweli. Robota la kilo 45 analisoma kabla halijakatwa kamba: limefungiwa nchi gani, liliguswa njiani au la, litatoa kamera (nguo za daraja la kwanza) kiasi gani na fagia (za daraja la mwisho) kiasi gani. Moto unapoteketeza vibanda vya upande wa mtoni, anakwenda kupatana na jini anayeishi chini ya Mto Nairobi. Anataka jambo moja tu, kibanda chake kisiguswe tena na moto. Jini anaanzia miaka 20 ya uhai wake. Nduta anapangua hadi mitano. Wanapeana mikono. Sura sita baadaye ndipo anajua amepigwa.

Waliosoma rasimu wamegawanyika. Wengine wanasema Nduta, kwa ujanja wote niliompa, anageuka mjinga ghafla ili hadithi isonge. Wengine wanasema jini ametumia sharti ambalo halikutajwa popote, kwa hiyo wanahisi wameibiwa wao. Nataka kujiamini kwake ndiko kumwangushe, na msomaji akifika pale akiri kwamba hata yeye angekubali. Naomba mambo ya kiufundi: mapatano yajengwe vipi, mwanya uwekwe wapi, nini kionekane mapema. Pia sijaamua kama kuwe na mkataba wa maandishi, wala kama duara la kumzuia jini lina kazi yoyote au ni pambo tu.

BwanaRobota

Ndugu Kalamu, makundi yote mawili yanalalamikia kasoro moja. Umetuambia Nduta ni hodari wa kupatana, halafu ukamfanya ashindwe kwa kusahau kupatana. Msomaji hawezi kulimeza hilo. Mtu anayejiamini kupita kiasi huanguka vizuri pale anapotumia kanuni ambayo ni ya kweli kabisa, ila ameipeleka mahali ambapo kile kinachoifanya iwe kweli hakipo.

Tazama anachokijua. Anajua kwamba anayeshusha bei kwanza ndiye mwenye shida. Anajua ukigeuka kuondoka utaitwa. Anajua jua likianza kutua bei hulegea. Kanuni hizi zinafanya kazi Gikomba kwa sababu kila muuzaji ana kodi ya kibanda, ana deni la robota, na kuna watu nyumbani wanasubiri unga wa ugali. Jini hadaiwi, hali, wala hana jioni. Kwa hiyo kila dalili ya njaa ambayo Nduta anaisoma kwenye uso wake ni dalili ambayo jini ameiweka pale makusudi. Amekaa chini ya ule mto akiwasikiliza wafanyabiashara tangu soko lianze. Anajua sauti ya mtu aliyebanwa ikoje.

Sasa fanya hivi. Sura mbili kabla ya jini, mwonyeshe Nduta akimshinda binadamu kwa hatua tatu, kwa mpangilio maalumu: anakaa kimya, anataja kasoro ya mzigo, anageuka kuondoka. Usizieleze. Zionyeshe tu, na muuzaji ashushe. Mbele ya jini, rudia hatua zile zile tatu kwa mpangilio ule ule. Msomaji aliyejifunza kanuni pamoja na Nduta atamshangilia, na kwa kumshangilia atakuwa ametia saini naye.

Tazama na namba zenyewe. Muuzaji wa kweli akikaribia mwisho wa uwezo wake hushusha kidogo kidogo. Mfanye jini ashuke hivi: 20, kisha 12, kisha 8, kisha 6, kisha 5. Ameshusha minane, minne, miwili, mmoja. Kwa dalali yeyote hiyo ni picha ya mtu aliyefika ukutani. Nduta akatae kuomba minne, kwa sababu anajua ukimkamua muuzaji kupita hapo atavunja biashara. Hapo ndipo ustadi wake unamfunga kabisa, na hakuna atakayemwita mjinga.

Mwanya uko wapi? Kwenye maneno "miaka mitano ya uhai wako". Ipi? Nduta anadhani ni mitano ya mwisho, ya uzeeni, na kila msomaji atadhani hivyo. Jini anachukua mitano inayofuata. Nduta anafumba macho mtoni na kuyafumbua mtoto wake akiwa darasa la tano. Ili msomaji asihisi kuibiwa, maneno hayo matano yasemwe angalau mara tatu bila kubadilika hata silabi, mara mbili na jini na mara moja na Nduta mwenyewe. Jini asitamke hata mara moja kwamba "utakufa mapema". Akitamka hilo amedanganya, na sura imekufa.

Halafu ongeza swali moja. Nduta hanunui robota bila kuuliza ubora, basi na hapa aulize. "Hiyo miaka itaniuma?" Jini ajibu: "Hutahisi hata dakika moja." Ni ukweli mtupu. Nduta ameuliza swali zuri, amepata jibu sahihi, na jibu hilo ndilo linalomlaza usingizi.

karani_wa_sheria

Bwana Robota amesema vizuri kuhusu bei. Mimi naona mkataba wa maandishi utakusaidia, Kalamu, kwa sababu moja ya kiutendaji: msomaji anaweza kurudi nyuma kurasa 80 na kuukagua mwenyewe. Uwe mfupi, usizidi maneno 120, na uandikwe wote ndani ya kitabu. Ukisema tu "mkataba ulikuwa mrefu wenye herufi ndogo ndogo", umejipa ruhusa ya kuchomeka chochote baadaye, na wasomaji wataliona hilo.

Mkataba wowote una vipande vichache vya lazima: nani anafunga na nani, nani anatoa nini, bei, muda, nini kitatokea ukivunjwa, na nani ataamua mkikosana. Watu wanaojiamini hukazia bei na muda kwa sababu ndivyo vyenye namba, na namba zinaonekana zikishuka. Vipande viwili vya mwisho huachwa. Jini mwenye akili hukupa ushindi kwenye namba na kubaki na hivyo viwili.

Kwa Nairobi una nafasi nzuri ya kumpa Nduta usalama wa uongo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa kuhamisha maslahi katika ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo. Mpe Nduta rafiki karani anayelijua hili. Amshauri vizuri kabisa: andikeni, saini, shahidi. Nduta ahakikishe vyote vitatu vimetimia. Wala haimjii akilini kuuliza shahidi wa jini ni nani, wala ataitwa vipi siku ya ushahidi. Kuna pia kanuni ya mahakama kwamba neno lenye utata hutafsiriwa dhidi ya aliyeliandika. Karani akimwambia hilo, Nduta atasisitiza jini ndiye aandike, akijua kila utata utamnufaisha yeye. Mantiki haina kasoro. Inahitaji kitu kimoja tu, hakimu.

Swali la "nani ataamua" lilichezewa vizuri na Stephen Vincent Benét katika hadithi yake ya 1936 kuhusu mkulima wa New Hampshire aliyeuza roho. Wakili wake anadai kesi mbele ya baraza la wazee wa mahakama, na ibilisi anakubali bila kinyongo, kwa sababu ni yeye anayewachagua, na anawachagua miongoni mwa wafu waovu wa historia ya Marekani. Wakili alipata alichoomba.

Mfano mwingine unaostahili kusomwa na kila anayeandika jambo hili ni tamthilia ya Marlowe kuhusu Faustus, msomi anayemuuzia ibilisi roho yake, iliyochapishwa mwaka 1604. Watu hukumbuka miaka 24 aliyopewa na damu aliyoandikia mkataba. Mimi nakuomba utazame mambo matatu yanayopita haraka. La kwanza, Faustus anadhani maneno yake ya uchawi ndiyo yaliyomlazimisha shetani Mephistophilis kuja. Mephistophilis anamwambia wazi kwamba alikuja kwa hiari yake, kwa kuwa kila anayelitukana jina la Mungu ni windo. Hajafichwa lolote. Anasikia na kuendelea kujiona bwana. La pili, akiwa anaandika, damu inaganda na kugoma kutoka, na inabidi iletwe moto wa kuiyeyusha. Anaona, anashangaa, anaandika tena. La tatu ndilo ninalolipenda zaidi: mkataba unasema Mephistophilis atamletea chochote atakacho. Punde tu baada ya saini Faustus anaomba mke. Ananyimwa, na kuambiwa ndoa ni mchezo wa sherehe tu. Mkataba umevunjwa wino haujakauka, naye anakubali kupozwa na maneno.

Hilo la tatu liige. Jini avunje jambo dogo siku ile ile, mbele ya macho ya Nduta. Mkataba unasema moto hautagusa kibanda, na jioni hiyo cheche ya jiko la muuza mahindi itoboe tobo dogo kwenye turubai. Nduta akilalamika jini aseme turubai ni la kukodi, halimo. Nduta akubali, kwa kuwa ameshinda vita kubwa na hataki kuonekana mchoyo. Hapo msomaji makini ataanza kuwa na wasiwasi, na wasiwasi huo utakubebea sura sita.

Dadu_Ishirini

Kuhusu duara: lina kazi, ukilipa vipimo. Duara lisilo na vipimo ni pambo.

Kabla ya hapo, Kalamu, amua jambo moja na ulishike. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliopo tangu 1974, kuna viumbe wa kuzimu wanaoshika sheria na wengine wa vurugu tupu. Wa kwanza wanakumaliza kwa neno lako mwenyewe na hawavunji ahadi. Wa pili wanaahidi chochote na kukurarua wakipata nafasi. Wa kwanza unamzuia kwa maneno, wa pili kwa kuta. Ushauri wote wa Bwana Robota na karani unamhusu wa kwanza. Mhusika anayemkuta wa pili na kukaa chini kuandika vifungu anafanya kosa kubwa kuliko kukosea kifungu.

Sasa vipimo. Goetia, kitabu cha uchawi kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1904, kinaorodhesha roho 72 na kutoa mpangilio huu: mchawi asimame ndani ya duara lenye upana wa futi 9. Roho itokee ndani ya pembetatu yenye upana wa futi 3. Pembetatu iwe futi 2 kutoka kwenye duara. Jumlisha kwa mstari mmoja, unapata futi 14. Nduta anaishi wapi? Kama ni chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, haiingii. Hapa una onyesho zima bila kubuni uchawi wowote. Lazima apunguze kitu. Akifanya duara kuwa futi 5, jumla ni kumi barabara, na pembetatu inagusa ukuta wa jirani. Na upana wa mikono iliyonyooshwa hukaribia urefu wa mtu, kwa hiyo kila akiinua mikono pembeni kusoma maombi, vidole vyake viko nje ya mstari. Akiiondoa ile nafasi ya futi 2, yuko umbali wa kushikwa. Anayejiamini hupunguza akisema vipimo vya kitabu vina ziada, kama vile fundi wa mjengo anavyopunguza saruji. Mfanye apunguze mara ya kwanza kwa jini mdogo na mambo yaende salama. Baada ya hapo hatapima tena.

Afanye nje, kando ya mto? Achore kwa nini? Chaki haishiki kwenye tope. Chumvi huyeyuka umande ukishuka. Unga wa mahindi huonekana vizuri usiku, lakini ndani ya nusu saa siafu na chungu wamefungua njia, na Gikomba ina panya. Goethe aliliona hili. Katika Faust yake ya 1808, Mephistopheles anaingia chumbani na kushindwa kutoka kwa sababu ya nyota ya pembe tano kizingitini. Pembe yake ya nje haikufungwa vizuri, ndiyo maana aliweza kuingia. Faust, akigundua kwamba hata kuzimu kuna sheria, anafurahi na kusema kumbe mnaweza kufunga mkataba na mtu! Hapo ndipo kujiamini kwake kunapozaliwa: ameona sheria moja ikimzuia shetani, akadhani sheria zote ziko upande wake. Dakika chache baadaye amelazwa usingizi kwa nyimbo, na Mephistopheles anamwita panya aitafune ile pembe.

Jambo la mwisho kwangu ni saa. Kanuni za toleo la tano la 2014 za mchezo niliotaja zina mtego ambao hata wachezaji wazoefu wananaswa nao. Ili kumtiisha kiumbe wa ulimwengu mwingine, kwanza unachora duara lililogeuzwa ili limzuie ndani. Linagharimu unga wa fedha na chuma au maji matakatifu ya vipande 100 vya dhahabu, na linadumu saa moja. Kisha unamwita. Kisha unasoma uchawi wa kumtiisha, ambao kuusoma tu huchukua saa moja, na kiumbe lazima awepo muda wote. Piga hesabu. Duara lilianza kuhesabu kabla ya kumwita, kwa hiyo litaisha kabla hujamaliza kusoma. Dawa ni kulichora duara kwa nguvu ya daraja la nne badala ya la tatu, lidumu saa mbili. Na kiumbe akifanikiwa kujinasua mwishoni, kito cha vipande 1,000 vya dhahabu ambacho uchawi huo unakidai kimeshateketea na yeye bado yuko mbele yako. Hata akitiishwa, kanuni inasema atatii herufi za amri yako, na akiwa adui atayapinda maneno yako kadiri awezavyo. Muda wa kawaida wa utumwa huo ni saa 24.

Si lazima utumie mchezo. Chukua muundo: ulinzi wenye saa, kazi yenye saa, na mhusika ambaye amezijua saa zote mbili ila hakuzipanga kwenye mstari mmoja. Msomaji mwenye kalamu ataweza kugundua kabla yake.

BintiMwinyi

Wanangu, mmesema ya maana, lakini jini wenu amekuwa wakili wa Ulaya aliyevishwa kanzu. Kama Kalamu anaandika kwa wasomaji wa Kiswahili, yapo mapatano na pepo ambayo pwani yetu inayajua vizuri, na muundo wake ni mwingine kabisa.

Katika kupunga pepo, fundi haanzi na bei. Kwanza anampandisha pepo kichwani mwa mgonjwa, ambaye ndiye kiti chake. Akishapanda anaulizwa jina. Anaulizwa kabila na kwao, maana pepo wana makabila: kuna wa kihabeshi, kuna wa kibuki waliotoka Bukini, yaani Madagaska, na kila kundi lina ngoma yake, lugha yake na chakula chake. Anaulizwa amekuja kwa sababu gani, ametumwa au amependa mwenyewe. Mwisho ndipo anaulizwa anataka nini. Naye hutaka vitu mahususi: nguo ya rangi fulani, pete, chano chenye vitu fulani, damu ya mbuzi au kuku. Kibuki hutaka brandi. Fundi anaweza kumwomba apunguze, na mara nyingi hupunguza. Lakini shabaha si kumfukuza. Ni kukaa naye kwa amani, na amani hiyo hulishwa.

Kwa hiyo kujiamini kupita kiasi huku kwetu hakutokei siku ya mapatano. Siku hiyo watu wana hofu, wana adabu, wanafuata kila neno. Kunakuja baadaye, mambo yakiwa shwari. Mtu anaanza kupunguza: nguo ilikuwa nyekundu ya hariri, mwaka huu analeta ya nailoni. Ubani ulikuwa wa kweli, sasa ni wa bei rahisi. Mbuzi anageuka kuku. Kila akipunguza na asipate dhara, anaamini pepo hajali, au ameondoka. Na pepo hakuwa ameondoka.

Kalamu, fikiria hili kwa Nduta. Ni dalali, kazi yake ni kupunguza gharama. Mpe jini bei ndogo ya kila mwaka badala ya bei kubwa ya mara moja. Sahani moja ya wali wa nazi mtoni usiku wa tarehe ile ya moto, basi. Mwaka wa kwanza anapika mwenyewe. Wa pili anamtuma mtoto. Wa tatu wali ni wa hotelini, hauna nazi. Hakuna sura ya mtego, hakuna maneno yenye utata, na msomaji anaona kila hatua kwa macho yake. Kwangu mimi hilo linatisha kuliko mkataba wowote, maana zimwi likujualo halikuli likakwisha, na huyu anamjua Nduta vizuri.

Onyo moja la kiufundi: ukienda njia hii, adhabu isitoke ghafla mwaka wa nne. Mwaka wa pili pawe na dalili ndogo ambayo Nduta anaweza kuieleza kwa sababu nyingine. Waya wa umeme unanuka kuungua, anaita fundi, fundi anabadilisha. Amelipa fundi, kwa hiyo anaamini tatizo lilikuwa waya.

KalamuYaNgara

Asanteni sana, na shikamoo Bi. Mwinyi. Nadhani nitabaki na miaka mitano ya Bwana Robota kama uti wa mgongo, kwa sababu Nduta akikosa miaka ya mtoto wake ndiyo hadithi niliyotaka kuandika tangu mwanzo. Lakini lile swali la jina, kabila na kwao nalichukua. Nitamfanya Nduta aliruke, aende moja kwa moja kwenye bei, huku bibi yake akiwa ameshamfundisha mpangilio huo utotoni. Duara la unga nitaliweka pia.

Swali langu la mwisho: je, jini naye anaweza kujiamini kupita kiasi? Naogopa sehemu ya tatu ya kitabu ikawa kilio tu.

Sanduku_la_Shaba

Anaweza, na mfano uko kwenye Alfu Lela Ulela ambayo wengi mmeisoma. Mvuvi anafungua chupa ya shaba yenye muhuri wa Nabii Suleimani, jini anatoka na kuapa kumuua. Mvuvi hampingi wala hamsihi tena baada ya kuona haisaidii. Anasema haamini kiumbe mkubwa hivyo aliwahi kuenea humo ndani. Jini anaingia kumwonyesha, mvuvi anafunga muhuri. Zingatia kilichofuata: mvuvi akikubali kumtoa tena, anataka kiapo kwa jina la Mungu kwanza, na jini akishatoka anaipiga chupa teke mpaka baharini. Ujanja ule ulifaa mara moja tu. Ukimpa Nduta ujanja wa namna hiyo, uuzime baada ya kutumika.

Ila namna bora ni kumshinda jini kwa kipimo kile kile alichomshindia Nduta. Stevenson alifanya hivyo mwaka 1891 katika hadithi ya chupa ya Hawaii. Chupa inatimiza matakwa, lakini anayekufa akiwa nayo anakwenda motoni. Ni lazima iuzwe kwa bei ndogo kuliko ulivyoinunua, na kwa sarafu. Kila mnunuzi anaamini atapata wa kumwuzia, na kila mmoja yuko sahihi, mpaka bei inafika senti moja na hapana pa kushuka. Mke wa mhusika ndiye anayekumbuka kwamba Tahiti wanatumia santimu za Kifaransa, ambazo kama tano hufanya senti moja. Ukuta ulikuwa wa sarafu ya nchi moja tu. Kwetu ingekuwa mtu aliyenunua kwa shilingi moja ya Kenya akipanda gari kwenda Busia, maana shilingi ya Uganda thamani yake ni ndogo mara nyingi.

Rudi kwa Nduta. Jini ameweka utata kwenye "miaka mitano". Je, yeye mwenyewe ameahidi nini? Kwamba kibanda chake hakitaguswa na moto tena. Haukuwekwa muda. Wala kibanda hakikupimwa. Jini hakujali, kwa sababu amezoea kuona vibanda vya mabati vikikaa miaka michache na kuanguka vyenyewe. Ni kujiamini kwa namna ile ile: kanuni ya kweli, isiyofaa mbele ya mtu huyu.

Nduta akirudi baada ya miaka mitano, apanue. Anunue haki ya kibanda cha kushoto, atoe ukuta wa katikati, aendeleze paa. Kisha cha kulia. Wenye vibanda wasio na hela ya kujenga upya wampe nafasi nao wabaki ndani kama wapangaji wake, chini ya paa moja na jina moja. Kila mabati yanayopigiliwa yanaongeza eneo ambalo jini analilinda bila malipo, na hawezi kukataa bila kuvunja neno lake, jambo ambalo kwa jini wa sheria haliwezekani. Akilalamika, Nduta amsomee maneno yake mwenyewe.

Ili ushindi huu usionekane umetoka hewani, panda mbegu tatu sura ya kwanza. Nduta agombane na jirani aliyesogeza nguzo usiku kwa nusu futi. Mzee wa soko aamue kwamba kibanda ni pale paa lako linapoishia. Na katika mapatano, jini aseme "kibanda chako" mara tatu bila kubadilisha neno, kama alivyofanya na ile miaka. Mabadiliko ya sura ya mtoni ni mistari minne au mitano. Kazi kubwa itakuwa sehemu ya tatu, kuhesabu nguzo na mabati ili msomaji aweze kuchora mpaka mpya wa kibanda kila unaposogea. Chora ramani yako kwanza kwenye karatasi, na majina ya wapangaji wote, kabla hujaandika neno.